Mwalimu Amehama

Jua la saa sita lilikuwa limesimama utosini, na Idman binti Abdille alikuwa sokoni Garissa, kwenye upande wa maziwa, akingoja Maka amjazie dumu la maziwa ya ngamia. Ndipo aliposikia nyuma yake Kiswahili ambacho soko lile halikukizoea.

"Niwie radhi dada yangu kwa kukukatiza. Naomba unielekeze, nimepotea."

Kina mama wauza maziwa wakanyamaza wote. Idman akageuka. Alikuwa kijana mrefu, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, kofia ya viua imekaa upande, mkononi ana sanduku. Alikuwa hoi, ila hakutaka ionekane.

"Umepotea kutoka wapi?"

"Pemba."

"Wallahi, hiyo ni mbali ya kubotea," Maka akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, na soko likaangua kicheko.

Kijana naye akacheka, akajieleza. Aliitwa Makame Shaame, mwalimu wa hisabati. Amejitolea kufundisha muhula mmoja katika shule ya sekondari hapa mjini. Ndiyo mara yake ya kwanza kuvuka bahari. Basi limewahi kufika, simu imezima, na familia ya kumpokea haijui aliko.

"Familia ya nani?"

"Ya Mzee Abdille, wa Waberi. Nimeambiwa anafanya kazi soko la mifugo."

Idman akajiziba mdomo kwa ukingo wa jilbabu yake ya zambarau. "Huyo mzee mkali sana. Ako na binti mmoja, huyo ndiyo mkali zaidi."

"Mungu anisitiri."

"Kwanza kunywa maziwa, upate nguvu."

Maka akammiminia kikombe. Makame akapiga funda moja, macho yakamtoka, lakini akanywa mpaka tone la mwisho.

"Yana moshi," akasema.

"Eeh, iko na moshi. Tunafukiza chombo."

"Maziwa yana moshi, dada. Si iko."

"Hapa maziwa iko na moshi," Idman akamjibu, "na mwalimu iko na maringo."

Akamwitia tuktuk, akamwambia dereva ampeleke nyuma ya msikiti, kwenye lango la buluu. Yeye akapanda nyingine, akamnong'oneza dereva apite njia ya mkato. Makame alipobisha hodi, aliyemfungulia alikuwa yeye.

"Karibu kwa mzee mkali."

Sanduku nusura limponyoke.

Siku hiyo Hooyo Mulki, mama yake Idman, alimpakulia mgeni wali na nyama ya mbuzi, juu akamwekea ndizi mbivu, akamsimamia mpaka sinia likawa jeupe. Abdille akampa chumba cha wageni wa kiume, kilicho kando ya lango, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, kama umelala hapa, wewe ni mtoto yangu. Hii nyumba ni yako." Hakuwa anatania.

Wiki zikapita. Idman alikuwa muuzaji katika duka la dawa mjini, na simu ya duka ikaanza kuwa na mgonjwa mmoja asiyepona.

"Duka la dawa, nikusaidie?"

"Kichwa kinaniuma, daktari."

"Kinauma wapi?"

"Upande unaotazama lango. Jana kuna mtu kapita na jilbabu ya kijani, hata salamu hakunipa."

"Huyo mtu alikuwa na hooyo yake. Huyo mtu anaogopa."

"Basi nipe dawa, mpenzi."

"Waryaa! Kuna wateja hapa!"

Lakini alipokata simu alimpa mteja dawa ya kikohozi badala ya ile ya minyoo, ikabidi amkimbilie mpaka barabarani.

Wiki ya kumi Makame alipiga, na safari hii hakuwa na mzaha. "Muhula unakatika, Idman. Mie siwezi kukuacha huku kama kitu nilichosahau."

"Makame, maneno ya simu ni tamu. Kama unanitaka ukweli, ongea na baba yangu. Aabo yuko."

"Umesema kweli," akajibu, akakata.

Kesho yake asubuhi mlango wa chumba cha wageni ulikuwa wazi. Godoro limekunjwa, shuka zimefuliwa, sanduku halipo. Baba yake alikuwa ukumbini akinywa chai.

"Aabo, mwalimu yuko wapi?"

"Amehama."

"Amehamia wapi? Kwa nini?"

"Nyumba ya walimu, huko shule." Akanyanyuka, akaenda kazini.

Idman akapiga simu. Ikaita, ikakatwa. Akaandika ujumbe, haukujibiwa. Siku tatu chakula kikawa hakishuki. Kumbe yale yote yalikuwa mchezo wa mtu wa kupita? Siku ya nne akafunga duka mapema, akaenda shuleni.

Makame alitoka mpaka getini. Alikuwa amekonda, chaki imemtapakaa kwenye mkono wa shati.

"Nilikuambia uongee na aabo. Wewe ukakimbia kama mwizi wa mbuzi?"

Akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema!"

"Muulize baba yako, Idman."

"Nimeuliza wewe!" Machozi yakamshinda. Makame naye macho yakamjaa. Akageuka, akarudi darasani bila neno jingine. Mzee Kulow, bawabu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Idman alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akamkuta baba yake amesharudi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasimama mbele yake bila salamu.

"Aabo, umefanyia Makame nini?"

"Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, usikie." Abdille akaweka kikombe chini. "Alinifuata jioni. Akasema, mzee, umenilaza kama mwanao, na mimi nimempenda binti yako. Siwezi kula chakula chako nikiwa na neno hili tumboni. Natoka kwanza kwa nyumba yako, halafu ndiyo naomba. Nikamwambia ngoja niulize wajomba wa Idman huko Banissa. Mpaka wajibu, usimwambie neno. Akanipa ahadi."

"Nimelia siku nne, aabo."

"Najua. Mama yako hajaongea na mimi siku nne."

"Na wajomba?"

"Walisema huyu hana ngamia, ukoo yake hatujui, atakutupa baharini. Nikawaambia ngoja tumwangalie. Sasa hivi Kulow amenipigia. Amesema umelia mbele ya mwalimu, na yeye akalia, na hakusema. Mimi nimeona wanaume wakivunja ahadi kwa sababu ya mbuzi mmoja. Nimepigia Banissa, nikawaambia hiyo. Wamekubali."

Idman akakaa.

"Sasa wewe unasema nini?"

"Kumbe mimi ndiyo wa mwisho kuulizwa?"

"Wa mwisho ndiye anaamua. Ukisema hapana, imeisha."

Idman akanyoosha mkono. Baba yake akampa simu yake, naye akampigia Makame.

"Shikamoo mzee," sauti ya Makame ikaitika mara moja.

"Si mzee. Ni mimi. Aabo amekufungulia mdomo."

Akasikia pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo. "Idman, roho yangu. Nisamehe."

"Nitakusamehe pole pole. Jibu hii kwanza. Nikikubali, hooyo nitamwacha?"

"Humwachi. Shule iliniomba nibaki, nikawakubalia siku ile ile niliyohama."

"Na mimi ningekataa?"

"Ningefundisha hisabati, nikikuona ukipita."

Hooyo Mulki, aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote, akampokonya simu. "Makame! Umekonda, nimeambiwa. Bole sana mwanangu. Ijumaa uje na wazee!"

Ijumaa alasiri Makame alikuja na mwalimu mkuu na imamu wa msikiti, kanzu imepigwa pasi hadi inakata. Mjomba Aden alikuwa amefika kutoka Banissa, amekaa kwenye mkeka, ndevu nyekundu kwa hina. Kina mama walikuwa upande wa pili wa pazia, na Idman katikati yao, gauni la njano, hina haijamkauka viganjani.

"Na binti mwenyewe?" mjomba akauliza.

Nyuma ya pazia kukatulia.

"Sawa," mjomba akasema. "Msichana akinyamaza, ni ndiyo."

"Mimi sinyamazi, abti!" Idman akapaza sauti. "Tumenyamaza siku nne, imetosha. Nimekubali!"

Kikombe cha mtu kikaanguka upande wa wanaume. Mjomba Aden akacheka mpaka akashika mbavu, na vigelegele vya Hooyo Mulki vikasikika mpaka msikitini.