Mihogo Iliyotoka Kongo

Drateru alichimba muhogo wa kwanza, akaukata. Ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, mkavu na mgumu. Akachimba wa pili, nao umeoza. Akafika wa sita, kapu lake bado tupu, na jua la Ayivu limeshakuwa kali.

Mumewe, mzee Alionzi, alikuwa amekaa kando ya jiko, miguu imevimba. Ugonjwa wa moyo ulikuwa umemtoa shambani tangu Krismasi.

"Umeleta nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu, mzee. Yote iko mbovu ndani."

"Si majani iko mazuri?"

"Majani iko. Muhogo hakuna."

Alionzi alilivuta kapu, akachungulia ndani. Mihogo ile ndiyo iliyomjengea jina. Miaka ya vita walikuwa wakimbizi Kongo, yeye na mkewe. Waliporudi kwao Ayivu hawakuwa na ng'ombe wala godoro. Walikuwa na fungu moja la miti ya muhogo, limefungwa kwenye baiskeli. Kwa fungu hilo walilea watoto watano. Kila mtoto alipoanza maisha yake, alipewa fungu la kupanda. Alionzi alisema huo ndio urithi, maana mbuzi hufa.

Drateru alimpigia simu Kevina, afisa wa kilimo. Kevina alikuja kwa boda, akaingia shambani, akainama. Alimwonyesha Drateru majani ya chini, yenye rangi ya manjano kandokando ya mishipa. Akamwonyesha michirizi kwenye shina.

"Mama, hii ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia," alisema. "Mti unasimama vizuri, kumbe chini iko inaoza. Inzi weupe wadogo wanaubeba. Sisi watu tunaubeba mbali zaidi, tukikata miti ya shamba gonjwa na kupanda pengine."

"Dawa yake ni nini?"

"Hakuna dawa. Ng'oeni yote, mchome. Msimu mmoja pandeni maharage. Halafu mtapanda miti safi ya shamba lililokaguliwa, mbali na mihogo migonjwa. Kila mwezi kagua. Ukiona mti mmoja mgonjwa, ng'oa. Na hapa msimpe mtu hata kijiti."

Drateru alimkumbuka binti yake. Pasca, kitinda mimba wao, aliolewa Ludara, huko Koboko, mwaka juzi. Aliondoka na fungu.

Alionzi aligonga fimbo chini. "Hapana choma! Mihogo hii imelisha nyumba yangu tangu Kongo. Leo mtoto wa juzi anaita sumu?"

"Si sumu, mzee," Kevina alisema kwa upole. "Ilikuwa mizima. Ugonjwa umekuja nyuma, miaka hii tu."

"Nikifa, mtachoma."

Kevina aliondoka. Drateru hakubishana, kwa sababu mumewe alikuwa anahema. Alichukua simu, akampigia Pasca, akaweka sauti ya nje ili mumewe asikie.

"Binti yangu, mihogo yako iko namna gani?"

"Nimechimba mistari miwili, mama. Yote mbovu. Mama mkwe anasema mimi sijui kulima. Watoto wa shemeji wanalala na uji tu."

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu. Nitamwambiaje baba kwamba nimeharibu mihogo yake?"

Alionzi alifunika uso kwa viganja. Alikuwa mtu wa kichwa kigumu, lakini machozi yalimtoka mbele ya mkewe bila kuyaficha.

"Mwambie ang'oe," alisema. "Mwambie si kosa yake."

Walichoma mihogo ya mashamba yote mawili, Ludara na Ayivu. Alionzi aliomba kiti kando ya shamba lake, akatazama mpaka moto ukazimika. Walipanda maharage. Mwaka huo walikula mara moja kwa siku, tena kidogo. Maharage yalipotoa maua, Alionzi alifariki.

Msimu uliofuata Kevina alileta miti safi. Drateru alipanda, akakagua kila mwezi, akang'oa mitatu bila huruma. Pasca naye alifanya hivyo Ludara.

Siku ya kuvuna, Pasca alikuja kumsaidia mama yake. Mihogo ilitoka minene, nyama nyeupe mpaka katikati. Walijaza makapu manne. Pasca alicheka kwa sauti, halafu akamkumbuka baba yake, akageuka kupanga makapu.

Walichemsha chungu kizima. Drateru alionja kipande. Kilikuwa kitamu kuliko mihogo ya Kongo, na hilo lilimuuma sana kwa ajili ya Alionzi. Hakumwambia mtu. Akamjazia binti yake sahani.