Msimamizi wa Arusi Yangu Alinifungia Klachi Bandia

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mkulima wa miwa hapa Musanda. Nina mke, nina watoto, na nina kinyaa kisichotoka rohoni. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni...

Mwaka wa tisini na sita klachi ya pikipiki yangu ilikwisha. Nilikwenda Kakamega mjini, nikanunua sahani za klachi, zile halisi, nikampelekea Shiundu, fundi wa Ekero. Shiundu hakuwa fundi tu. Ndiye aliyesimamia arusi yangu! Tuliimba kwaya pamoja. Nikamwachia pikipiki, nikarudi shambani. Nimchunge ndugu yangu kwa nini?

Haukupita muda klachi ikaanza kuteleza. Nikiongeza mafuta, injini inanguruma, lakini pikipiki inatambaa tu! Nikamrudia Shiundu. Akalegeza kebo. Ikateleza. Akasema ni oili, akaibadilisha. Ikateleza! Akasema ni springi, akaweka nyingine... Nilipomwomba atazame sahani zenyewe, alicheka.

"Klachi mpya huwanga hivyo, ndugu yangu. Itazoea."

Itazoea! Hadi leo neno hilo linanitia kichefuchefu.

Asubuhi moja mke wangu Nafula aliumwa na nyoka akipalilia miwa. Nilimpakia, jirani akamshikilia kwa nyuma, tukakimbilia hospitali. Tulipofika kwenye mwinuko, injini ikapiga kelele, harufu ya kuungua ikatujaa puani... na pikipiki ikagoma! Nilisukuma huku nalia. Mguu wa Nafula ulivimba kama gogo. Trekta ya miwa ilipotuokota, jua lilikuwa utosini.

Madaktari waliokoa maisha yake. Mguu waliukata.

Shiundu alikuja wodini na obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku aliyepikwa na mkewe. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba kwa sauti, machozi yakimtiririka. Nami, mjinga wa watu, nilimla yule kuku hadi nikalamba vidole!

Tuliporudi nyumbani niliifungua klachi mwenyewe. Mungu wangu! Zilikuwa sahani kuukuu, zimebandikwa vipande vipya kwa gundi, navyo vinabanduka kama magamba ya kidonda. Zile nilizonunua hazikuwamo.

Nilimfuata Ekero nikiwa nazo mkononi. Hata spana hakuiweka chini.

"Kuna mteja alikuwa na haraka, nikamwekea zako. Ningekurudishia tu. Na kwani mama si yuko hai?"

Si yuko hai! Nilitapika pale pale, mbele ya wateja wake. Huyu ndiye aliyepiga magoti wodini? Alikuwa akimwombea nani, kama si yeye mwenyewe?

Sasa Nafula anapalilia bustani akiwa ameketi chini, akijikokota kutoka tuta hadi tuta. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Shiundu? Bado anaimba kila Jumapili, tena safu ya mbele! Mimi nilihama kanisa.

Ndugu zangu, klachi ikiteleza baada ya kufungwa spea mpya, msikubali kubembelezwa na kebo wala oili. Ifunguliwe, mwone kwa macho yenu! Na fundi anapofunga, simameni hapo, hata kama mmenyonya ziwa moja. Atanuna? Mwacheni anune. Mimi niliona haya kumbana rafiki... na aliyelipa ni Nafula.