Ujumbe wa Sauti wa Mama Godlisten

Kila asubuhi Lilian ndiye aliyemfungulia mama yake mlango. Mama, ambaye jina lake ni Winifrida, alifanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi kwao Walthamstow, mashariki mwa London, wakati majirani wakitoka kwenda stesheni. Aliingia, akavua viatu, akauliza swali lake la siku zote.

"Mmekula?"

"Mimi nimekula," Lilian alijibu kwa Kiingereza. Yeye na kaka yake Godlisten walizaliwa London. Walikisikia Kiswahili vizuri, lakini kujibu walijibu kwa lugha ya shuleni. Baba yao alikuwa Moshi akimuuguza bibi.

"Na kaka yako?"

"Anasema tumbo linamuuma."

"Tumbo tena?" Mama alishangaa. Akaenda hadi mlango wa chumba cha Godlisten, akagonga. "Goddy, nikupikie uji?"

"Hapana, Mama. Asante."

Mama alitikisa kichwa, akaenda kulala. Lilian alibaki amesimama jikoni. Yeye alijua kwamba tumbo halikuwa na kosa lolote.

Mambo yalianzia kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti mmoja wa Kitanzania aliyekuwa akiolewa, katika ukumbi mmoja kule Barking. Akina mama waliovaa sare za kitenge walipanga mstari ili waingie wakicheza na zawadi. Mmoja wao akaumwa ghafla. Godlisten, mwenye miaka kumi na mitano, alichukua beseni la zawadi, akaingia kwenye mstari, akacheza. Alicheza vizuri kuliko wote. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Mama alimrekodi, akaituma video ile kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa London akiwa na furaha tele.

Ndani ya kundi lile alikuwamo Mama Deus, na simu ya Mama Deus ilichezewa na mwanawe, Deus, aliyesoma darasa moja na Godlisten. Deus aliikata ile video, akabakiza kiuno tu na uso, akaandika juu yake: SHOGA LA WALTHAMSTOW. Akaituma kwa vijana wenzake. Ikafika shuleni, na baada ya hapo ikarudi kwenye kundi la watu wazima. Wengine walinyamaza. Wengine waliweka alama za kucheka. Mama hakusoma yote; alikuwa kazini au amelala.

Lilian aliiona kwenye simu ya rafiki yake wakati wa chakula cha mchana. Alikimbia kumtafuta kaka yake.

"Usimwambie Mama," Godlisten alisema. "Niapie, Lili."

"Lakini Goddy..."

"Niapie! Ukimwambia, sitasema na wewe tena maisha yangu yote."

Lilian akaapa.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Simu ya Godlisten haikuacha kutetemeka. Watu asiowajua walimwandikia. Mmoja alimwambia arudi Afrika akaone atakavyofanywa. Mwingine alimtumia picha ya shimo la kaburi. Lilian alijaribu kumtetea. Alifungua akaunti, akawatukana wote kwa matusi makali kuliko yao. Walicheka zaidi, wakachukua picha yake naye, wakaanza kumwandama. Akaifunga akaunti, akalia ndani ya blanketi.

Jioni moja alimkuta kaka yake amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Lili," alisema polepole, "umewahi kutamani usiwepo?"

"Usiwepo wapi?"

"Popote."

Lilian alikaa sakafuni kando yake. Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama chuma.

Asubuhi iliyofuata Godlisten alisema tena kwamba tumbo linamuuma. Lilian alienda shuleni peke yake. Mwalimu alipofundisha, yeye hakusikia hata neno moja. Nikisema, nitampoteza, aliwaza. Nisiposema, je? Kengele ilipolia, miguu yake ilimpeleka yenyewe hadi kwenye ofisi ya Mwalimu Ushma, aliyeshughulikia usalama wa wanafunzi. Mwalimu Ushma alizaliwa Mwanza, katika familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa bado safi.

"Karibu, Lilian. Kuna nini?"

"Niliapa nisiseme," Lilian alisema, machozi yakimtoka.

"Kuna mtu anaumia?"

Lilian akakubali kwa kichwa.

"Basi sema, mwanangu. Nitakusikiliza mpaka mwisho."

Lilian alisema yote. Mwalimu Ushma hakumkatiza. Lilian alipofika kwenye neno "asiwepo", mwalimu alinyanyua simu na kumpigia Mama.

Mama aliamshwa na mlio ule. Alikwenda chumbani kwa Godlisten. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na juu yake simu ya Godlisten ilikuwa imezimwa. Mwenyewe hayupo.

Aliposikia hivyo kwenye simu, mwalimu aliwaarifu polisi, kisha akaondoka na Lilian kwenda kukutana na Mama. Walianzia sokoni. Mtaa wa soko la Walthamstow ni mrefu, na siku ile ulionekana hauna mwisho. Mama alikuwa amevaa kandambili na koti juu ya gauni la kulalia. Aliuliza kwenye meza ya matunda na kwenye meza ya vitambaa, huku akionyesha picha. "Mmemwona mwanangu? Mrefu, mwembamba, ana koti la bluu?" Watu walitikisa vichwa. Sauti ya Mama ilianza kukauka.

Lilian ndiye aliyemwona, kupitia kioo cha duka la kufulia nguo. Godlisten alikuwa amekaa kwenye benchi, mbele ya mashine iliyokuwa ikizungusha nguo za watu wengine. Humo mlikuwa na joto, na hakuna aliyemtazama.

Mama aliingia, akapiga magoti mbele yake, akamkumbatia bila kusema neno. Mwalimu Ushma akawapigia polisi kuwaambia kwamba amepatikana salama.

Walipofika nyumbani, Mwalimu Ushma alimwonyesha Mama ile video na maneno yaliyofuata. Mama alisoma taratibu. Uso wake ulibadilika. Alichukua simu yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Ndugu zangu, ni mimi Mama Godlisten. Nataka niwaambie kwamba mwanangu si shoga. Mwanangu nimemlea vizuri, ni kijana safi..."

"Mama, usiitume!"

Ilikuwa sauti ya Godlisten, na alisema kwa Kiswahili.

"Kwa nini nisiitume? Wamekuchafua. Lazima nikusafishe."

"Na kama ndivyo nilivyo?"

Mama aligeuka kumtazama.

"Unasema nini, mwanangu?"

"Nafikiri ninapenda wavulana, Mama. Nimejua muda mrefu. Ukiwaambia kwamba mtu wa namna hiyo ni mchafu, nami ndiye yule yule, nitarudi nyumbani kwa nani?"

Mama aliweka simu chini. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Goddy, mimi nimekulia Machame, kanisani. Mambo haya sikufundishwa. Sijui hata niseme nini." Alivuta pumzi. "Lakini leo nimezunguka soko zima kama mwehu. Sikuwa najiuliza wewe ni wa hivi au wa vile. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, nikukute mzima. Basi nimekukuta. Hapa ni kwako."

Godlisten aliinamisha kichwa kwenye bega la mama yake, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Mama alifuta ule ujumbe. Kisha akamwuliza, "Naruhusiwa kusema nao?" Godlisten alipokubali, akarekodi mwingine.

"Ndugu zangu, ni mimi Mama Godlisten. Video ile niliituma mimi kwa furaha, na mmoja wetu akaigeuza kuwa kisu. Leo nilidhani nimempoteza mtoto. Mwanangu ni nani, hilo si jambo la kundi hili. Aliye nayo aifute. Atakayeituma tena, shule na polisi wana ushahidi. Na wewe Mama Deus, uliweka alama ya kucheka. Nimeiona, dada yangu."

Kesho yake Mama Deus alikuja na mwanawe.

"Mama Goddy, nawe! Mimi Mpare, wewe Mchaga. Si tuna utani sisi?"

"Mtani hunitania usoni, nami nikamrudishia, tukacheka wote," Mama alijibu. "Tena siku ya msiba ndiye wa kwanza kuchota maji. Ninyi mlicheka mkiwa mmejificha, na mwanangu akitafuta pa kufia. Huo ni utani gani?"

Mama Deus alimsogeza mwanawe mbele. Deus alitazama zulia. "Nisamehe, Goddy," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua ungeumia hivyo."

"Ulijua," Godlisten alimjibu. "Ndiyo maana uliifanya."

Shule ilimpa Deus adhabu, na akaunti zilizotoa vitisho ziliripotiwa zikafungwa. Si wote waliojirekebisha. Watu kadhaa waliacha kumsalimia Mama kanisani. Baba, alipopigiwa na kuelezwa, alisema, "Mpe simu niongee naye." Godlisten alianza kuonana na mshauri, na siku moja akaomba uji.

Lilian alikuwa bado na jambo moyoni. "Goddy, nilivunja kiapo."

Kabla Godlisten hajajibu, Mama alimvuta Lilian karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Siri ya zawadi itunze. Lakini siri inayomfanya mtu atamani asiwepo, usilale nayo hata siku moja. Mtafute mtu mzima. Wa kwanza asipokusikia, mwendee wa pili. Na mtu akichekwa kwenye simu, usicheke, usimtumie mwenzako, wala usitukane. Hifadhi ushahidi, useme. Mimi nilitaka kulisafisha jina la mwanangu, wakati jina halikuwa na uchafu. Wachafu walikuwa wale waliomtesa, na sisi tuliokaa kimya."

"Sijakukasirikia, Lili," Godlisten alisema. "Asante kwa kusema."