Jina Chini ya Ngozi

Siku ya wageni, karakana ya magari ya Tolley hufurika watu kama soko. Jumamosi hiyo ya Mei walipita wazee wenye kofia za sufu, wake zao na chupa zao za chai, na watalii wa Kijerumani, wote wakinusa mbao na gundi na kupiga picha kila kilichosimama. Gethin Prosser alikuwa akipiga randa nguzo ya mlango wa gari, hana habari na mtu, mpaka koti la manjano lilipomziba mwanga.

"Samahani kaka, choo kiko wapi?"

"Kulia, mlango wa pili. Ila kwanza litoe koti lako kwenye gundi yangu."

Upindo ulikuwa umeng'ang'ania benchi. Walilivuta pamoja, likatoka na kipande cha mbao, na mwenye koti akacheka mpaka Wajerumani wakageuka. Nywele zake zilikatwa fupi kama za mvulana, na vidole vyake havikuwa na hata pete moja. Gethin aliliona hilo la pete kabla ya mengine yote.

Aliitwa Tamsin Averill, kutoka London. Baba yake alijiandikisha kununua gari la Tolley enzi zile foleni ilipokuwa ya miaka tisa.

"Wakanipigia simu, 'Zamu yenu imefika.' Zamu ya nani? Mwenye zamu nimemzika."

"Pole, dada." Gethin aliiweka randa chini. "Siku hizi ungesubiri miezi sita tu. Wazee wanakufa. Vijana wanataka gia zijibadilishe zenyewe, viti viwapashe moto makalio, kisha baada ya miaka mitatu walirudishe kama kitabu cha maktaba."

"Na mimi ni kijana."

"Nimeona."

Desturi ya Tolley ni kwamba mnunuzi huja kulitazama gari lake likijengwa. Wengi huja mara tatu. Tamsin alikuja mara kumi na moja, kila Ijumaa, kwa treni. Aliliona likiwa mifupa ya mti mweupe, akaliona likivikwa bati lililopigwa kwa nyundo. Jioni walikunywa mvinyo wa peasi chini ya kilima, na siku nyingine zote simu ilifanya kazi.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Chipsi."

"Na jana?"

"Chipsi."

"Gethin, utageuka kiazi."

"Basi njoo na siki."

Gethin aliishi peke yake juu ya duka la misumari. Tangu mama yake afe, meza yake ilikuwa na kiti kimoja. Mwezi wa Julai alijenga cha pili.

Ijumaa ya kumi na moja, Bi Winifred, fundi wa ngozi, alikuwa tayari kuufunika mlango. Kabla ya hapo kila fundi huandika jina lake kwa penseli juu ya mti, mahali ambapo hakuna atakayeliona mpaka gari livunjwe.

"Jana wameleta habari ya mnunuzi mmoja aliyeliuza gari lake kabla halijapata tope," Gethin alisema huku akiandika. "Mtu wa namna hiyo hajui kupenda. Gari wala binadamu."

Tamsin akanyoosha mkono.

"Nipe penseli. Na ugeuke."

"Nigeuke mpaka lini?"

"Mpaka mlango huu ufunguliwe."

"Hiyo ni miaka thelathini!"

"Geuka, bwana!"

Akageuka, akicheka. Bi Winifred akaivuta ngozi, akapiga misumari.

Wiki tatu baada ya Tamsin kuondoka na gari, picha ya gari hilo ilitokea kwa muuzaji mmoja mtandaoni. Lilikuwa limetembea maili mia moja na thelathini, yaani kutoka lango la karakana hadi mlangoni kwake, basi.

"Umeliuza?" Gethin alimuuliza kwenye simu.

"Gethin, nisikilize. Nakaa ghorofa ya nne. Lilikuwa linalala barabarani chini ya turubai, kila nikifungua dirisha naona kama baba kafunikwa..."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Ulishatoa hukumu."

"Basi hukumu ni ile ile."

Gethin akakata. Tamsin alipiga tena mara nne, naye akaitazama simu ikitetemeka mezani mpaka ilipochoka. Haikulia tena.

Baridi ikaingia. Oda zikapungua, karakana ikaanza kufungwa Ijumaa. Ijumaa, kati ya siku zote! Gethin alizunguka mjini mikono mfukoni, na kila mara miguu ilimpeleka stesheni, akasoma ratiba kama mtu mwenye safari, akarudi. Koti lake alilitundika kwenye kile kiti cha pili. Angalau kisikae kitupu.

Mwezi wa Machi bwana mmoja aitwaye Fairclough alileta gari lake, viatu vyake vyeupe havitaki kugusa sakafu.

"Mlango unalia. Nalilipia kila mwezi, halafu linalia?"

"Ni mti, bwana. Hunywa unyevu, hupumua."

"Sikuagiza gari linalopumua."

Gethin alilijua kabla hajaligusa. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akaikunja ngozi. Chini ya jina lake palikuwa na mwandiko mdogo, umebanana.

*Gethin, gari hili nitaliuza. Baba alipenda gari, mimi nimempenda aliyelijenga. Leo nimeogopa kukwambia. Ukisoma haya tukiwa wazee pamoja, nicheke. Kama hatuko pamoja, nipigie. Namba sitabadili. T.*

Tamsin alikuwa amemwambia, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama. Yeye ndiye aliyempa mgongo.

"Unangoja gundi ikauke?" Bi Winifred alimfokea. "Piga simu, mwanaume wewe!"

Simu iliita muda mrefu.

"Halo?"

"Mlango umefunguliwa."

"Miaka thelathini imekwenda mbio."

"Miezi saba. Kuna bwana hataki gari linalopumua."

Akacheka, na kicheko kikakatika katikati. "Nilikupigia mara nne, Gethin."

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa na kiburi. Mjinga ningemsamehe zamani."

"Ijumaa hatufanyi kazi siku hizi. Naweza kuja."

"Wewe? London?"

"Kwa treni. Ulikuja mara kumi na moja, mimi sijaja hata moja."

Gethin alimsikia akipumua kule upande wa pili.

"Njoo," Tamsin alisema. "Siahidi kitu. Njoo tu."

Gethin alipaka nta kwenye maungio ya mti, akaandika mstari mmoja chini ya ule mwandiko, na Bi Winifred akaifunga ngozi bila kuuliza. Bwana Fairclough aliondoka na mlango usiolia, asijue alichokibeba ubavuni.

Ijumaa asubuhi Gethin alilitoa koti kwenye kiti cha pili, akalivaa, akashuka ngazi.