Kengele ya Mbuzi kwa Ngamia

Rahmo alikuwa akiosha mitungi ya maziwa ya ngamia nyumbani kwake Garissa. Binti yake Yurub akamwita aje atazame filamu aliyoitengeneza. Filamu ilihusu kisima cha Bura, ambacho pampu yake ilikuwa imekufa. Ijumaa wafugaji na maafisa wa maji wangeitazama pamoja. Maneno ya mzee Issack, mfugaji aliyehojiwa humo, yakiwagusa maafisa, huenda pampu ingetengenezwa.

Kwenye filamu ngamia walipita, kengele zikilia.

"Hiyo ni kengele ya mbuzi," Rahmo alisema.

"Hooyo, kengele ni kengele."

"Hiyo ya chuma. Ngamia wetu huvaa ya mti. Wafugaji watacheka, na mzee Issack hatasikilizwa."

Yurub alinywea. Siku ya kupiga picha upepo uliharibu sauti, ndiyo maana akachukua kengele ya mtandaoni. Alimpelekea filamu jirani yao Shamis, fundi wa sauti redioni.

"Mama yako amekuokoa," Shamis alisema. "Kazi ya kwanza ni kuhariri sauti. Unachagua sauti, unaondoa isiyofaa, unaweka inayofaa mahali pake. Ngamia akikanyaga, kengele ilie hapo hapo."

Rahmo aliazima kengele ya mti kwenye soko la mifugo. Yurub akaitikisa.

"Polepole," Rahmo alimwambia. "Ngamia hakimbilii ofisi."

Akaichukua, akatembea uani kwa mwendo wa ngamia aliyebeba mzigo. Yurub alirekodi huku amejiziba mdomo asicheke.

Sauti mpya ilikaa vizuri, lakini sasa mzee Issack hakusikika.

"Nimehariri vibaya tena?" Yurub aliuliza.

"Hapana, walaal, ndugu yangu," Shamis alijibu. "Kila sauti iko mahali pake. Imebaki kazi ya pili, kuchanganya sauti. Hapo unapima ipi isikike zaidi na ipi irudi nyuma. Ni kama chai. Iliki ni nzuri, lakini ikizidi, chai hainyweki."

Wakaipunguza kengele kila mzee aliposema, wakaipandisha aliponyamaza.

Ijumaa hakuna aliyecheka. Kengele ilipolia, mfugaji mmoja aligeuka kutazama mlangoni. Kisha ikafifia, na mzee Issack akasikika waziwazi: "Ngamia wangu walilamba saruji kavu ya birika la kisima."

Afisa mmoja aliweka simu chini. "Pampu hiyo ilikufa lini?" aliuliza.

Mwezi haukuisha kabla fundi wa pampu hajafika Bura na spana zake.