Gari la Baklawa

Kila Alhamisi Arwa alipotoka shule, alimsaidia mama yake kupakia trei za baklawa, vitafunio vitamu vya lozi na asali, kwenye gari lao dogo, wakawapelekee wateja. Tangu baba afariki, nyumba yao katika mji wa Sfax ilibaki na watu wawili tu.

Alhamisi moja ya mvua, gari liliteleza likagonga nguzo. Hawakuumia, lakini pua ya gari ilibonyea na baklawa zikatapakaa kwenye viti.

"Mtu wa bima akija," mama alisema, "mwambie tulikuwa tunaenda kwa bibi."

Arwa aliendelea kuokota baklawa vitini.

Kesho yake mkaguzi wa bima, Bwana Hedi, alilizunguka gari, kisha akamgeukia Arwa. "Mlikuwa mnaelekea wapi, binti?"

Arwa alimtazama mama. Mama akaangalia pembeni.

"Tulikuwa tunampelekea mteja baklawa," Arwa alisema.

Bwana Hedi alimgeukia mama. "Bi Najat, gari hili ulilikatia bima ya matumizi binafsi. Sokoni, shuleni, kwa ndugu, hapo tungekulipa. Lakini ukibebea mali ya wateja, hiyo ni kazi, na kazi ina bima yake ya biashara. Ada yake ni kubwa kwa sababu gari la kazi linashinda barabarani. Matengenezo haya hatutayalipa."

Kwa siku nne mama hakumsemesha ila "kula" na "kalale". Arwa alikula peke yake jikoni, akimsikia mama chumbani akiwaomba radhi wateja kwa simu. Angemwambia nani kwamba amemponza mama yake?

Siku ya tano alifunga trei mbili kwenye baiskeli ya marehemu baba.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Kwa wateja wa karibu. Nielekeze tu, mama."

Mama akavaa viatu akamfuata.

Walitembeza baklawa kwa miguu miezi mitatu, wakisukuma baiskeli, mpaka wakapata pesa za kulitengeneza gari. Siku lilipotoka gereji, walipitia kwanza ofisini kwa Bwana Hedi, mama akakata bima ya biashara.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Arwa walipokuwa wakirudi. "Nilikutwika uongo wangu, ulipoukataa nikakususa. Ungedanganya, ningeendelea kuendesha nikidhani nina kinga, na siku nikimgonga mtoto wa mtu, ningejibu nini? Usidanganye kwa ajili ya mtu yeyote, hata akiwa mimi."

Arwa alimwegemea begani, naye mama hakujitoa.