Kicheko Mazishini kwa Mtemi

Filamu ilipokwisha, viti vilianza kutoa hukumu. Ndivyo majumba ya sinema ya Dodoma yalivyofanya kazi siku hizo: kila kiti kilikuwa na kipimahisia, kilichosoma mbavu za mtazamaji zikitikisika kwa kicheko na kope zake zikilowa. Kabla watu hawajafika mlangoni, uhakiki ulikuwa ukutani. Wahakiki wa kibinadamu walikuwa wameshasahaulika.

Uhakiki wa filamu ya "Mtemi Nyanzala" ulisomeka hivi: Mavazi, bora. Mapenzi, bora. Mazishi yameshindwa, hadhira imecheka. Onyesho hilo likatwe, la sivyo filamu isionyeshwe popote.

Haki ya Mungu, ilikuwa filamu ya kumtoa mtu roho! Hariri za pwani, bangili za pembe, shanga mpaka magotini, na mtemi mwanamke wa Unyamwezi wa kale aliyempenda kiongozi wa msafara hadi pumzi ya mwisho. Siku ya kumzika mtemi huyo, mzee wa Kizaramo alirukia kaburini, akajilaza chali, akaapa hatoki mpaka apewe jogoo. Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Mwongozaji wa filamu, Kalunde Kapalata, alimfuata Zubeda Pazi, mhandisi aliyekiunda kipimahisia, ambaye alikuwa bado ameketi ukumbini na kishikwambi chake.

"Dada, yule mzee Mzaramo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi," alisema. "Mtani asipofanya vituko, msiba haujakamilika. Baba yangu alizikwa hivyo hivyo, na filamu yote nimeitengeneza kwa ajili ya onyesho lile."

"Nakuelewa. Lakini mbavu zao zimecheka."

"Na macho yao je?"

Zubeda alifungua takwimu ghafi. Viti vilikuwa vimeona vyote viwili, kicheko na machozi, kwa watu wale wale. Ni yeye aliyekiamuru kipimahisia kichukue kilichozidi na kukitupa kingine, akiamini moyo haubebi mawili kwa pamoja. Aliwaza filamu zote zilizokwisha kukatwa kwa amri hiyo, akaona aibu.

"Mama yangu tulimzika mwaka jana," alisema taratibu. "Kimya kabisa. Hatukuita mtani hata mmoja. Mpaka leo sijalia."

Kalunde alimkazia macho. "Pazi... Kumbe wewe Mzaramo?"

"Ndiyo."

"Ala! Yaani mnazikana kimyakimya ili sisi Wanyamwezi tusile ubwabwa wa msiba! Ndiyo maana mama wa watu kaenda zake. Kachoshwa na uchoyo wenu!"

Zubeda alicheka mpaka kishikwambi kikamponyoka, na humo humo kicheko kikageuka kilio. Alimlilia mama yake kwa sauti, Kalunde amemkumbatia. Kiti chake nacho kikaandika ukutani: Mtazamaji mmoja. Amefurahi. Huzuni, hakuna.

Zubeda aliyasoma maneno hayo, akajifuta kamasi, akaokota kishikwambi na kuifuta hukumu yote.

"Mwache mzee alale kaburini," alisema. "Jogoo wake nitampa mimi."